Sura ya Nne: Barua Tatu Juu ya Mkeka

Swali lilikuja mwishoni, wakati nimeshaanza kuamini kwamba kazi nimeipata. Nilikuwa nimekaa mbele ya watu watatu katika ofisi ya bohari moja kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Mzee wa katikati alikuwa ameniuliza habari za kupokea mzigo, kupanga stoo na kufunga hesabu za mwezi, nami nikajibu bila kutetereka, kwa sababu hayo ninayajua. Kisha mama aliyekaa kulia kwake, afisa utumishi, akaufunua wasifu wangu, akapitisha kalamu kwenye tarehe, akasema: "Naona hapa sehemu tatu ndani ya miaka mitano. Uliondoka kwa sababu gani?"

Nikamjibu kwamba mikataba ilikwisha.

Haukuwa umekwisha hata mmoja. Nilifukuzwa mara tatu. Yule mama aliandika jibu langu, akanishukuru. Siku mbili baadaye akanipigia simu, kwa sauti ya upole, kuniambia kwamba wamezungumza na mwajiri wangu wa mwisho na hawataendelea na mimi. "Kaka yangu," alisema, "habari ya kufukuzwa tungekusikiliza. Tumeshindwa hapo ulipotudanganya."

Sura hii ni ya mtu ambaye kibarua chake kimeota nyasi, na hasa yule ambaye kimeota nyasi zaidi ya mara moja. Aliyepoteza kazi mara moja huonewa huruma. Aliyepoteza mara tatu watu huanza kumtazama kwa jicho jingine, na kinachouma zaidi ni kwamba naye huanza kujitazama kwa jicho hilohilo. Nina neno moja la kumwambia mtu huyo: kazi mpya haipatikani kwa kuzika za zamani. Huanza kupatikana siku utakapoweza kueleza kilichotokea hasa; kwanza ujieleze mwenyewe, kisha uwaeleze wa nyumbani kwako, kisha umweleze mgeni aliyeshika kalamu.

Kipe jina kilichokupata

Mitaani tuna maneno mengi ya jambo hili. Fulani kapigwa chini, fulani katimuliwa, fulani kaachishwa. Tunayatumia kana kwamba ni mamoja, kumbe tofauti zake zina uzito mkubwa mbele ya sheria na mbele ya meza ya usaili.

Kampuni ikipunguza watu kwa sababu biashara imeshuka, umepunguzwa. Hakuna doa juu yako. Mkataba wa muda maalumu ukifika tarehe yake, umekwisha. Ukishindwa kufikia kiwango cha kazi, hiyo ni hoja ya uwezo. Ukivunja kanuni za kazi, hiyo ni hoja ya mwenendo. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na ya haki, inayohusu mwenendo wa mfanyakazi, uwezo wake au mahitaji ya uendeshaji wa kazi, na pia afuate utaratibu wa haki. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinaeleza utaratibu huo: anayetuhumiwa aelezwe tuhuma zake, apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48 kabla ya kikao cha nidhamu, na aruhusiwe kusaidiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Zinataja pia makosa mazito yanayoweza kumwondoa mtu kazini, kama wizi na udanganyifu mkubwa, kuharibu mali kwa makusudi, kuhatarisha usalama wa wengine, uzembe mkubwa, kupiga watu na ukaidi uliopindukia.

Kuna namna nyingine ambayo watu wengi huikubali kwa hofu. Unaitwa ofisini, mlango unafungwa, unaambiwa: "Andika barua ya kuacha kazi, tusikuharibie jina." Maneno hayo yanasikika kama hisani. Lakini ukishasaini, karatasi itasema umeondoka mwenyewe, na kila utakapopita kudai haki ya mtu aliyeachishwa utaonyeshwa saini yako. Sheria inatambua kwamba mwajiri anaweza kumfanyia mfanyakazi mazingira yasiyovumilika mpaka akaacha, na inalihesabu jambo hilo kuwa ni kuachishwa. Ila kazi ya kuthibitisha itakuwa yako. Ukiletewa karatasi ya namna hiyo, omba siku moja ya kuisoma. Anayekutakia mema hatakunyima siku moja.

Siku 30 za kwanza

Mtu aliyefukuzwa hutamani kulala. Nilipofukuzwa mara ya pili nililala wiki nzima, na wiki hiyo ilinigharimu, kwa sababu saa ya sheria haimsubiri mwenye huzuni. Ukiamini kwamba umeachishwa isivyo haki, una siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa kupeleka mgogoro wako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ambayo wengi wanaiita CMA. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini itakubidi ueleze sababu ya kuchelewa, na sababu hiyo itapimwa. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo hana nafasi ya kudai kwamba ameachishwa isivyo haki; hata hivyo mshahara wa siku alizofanya kazi ni wake.

Kabla hujatoka getini, au mara tu baada ya kutoka, dai karatasi na stahiki zako. Ya kwanza ni barua yenye sababu ya kuachishwa. Ya pili ni cheti cha utumishi, ambacho mwajiri anapaswa kukupa ajira inapokoma, hata kama umeondolewa kwa kosa. Cheti hicho ni ushahidi kwamba ulikuwepo na ulifanya kazi, na wengi hukiacha kwa hasira, kisha mwaka unaofuata wanakosa karatasi ya kumwonyesha mwajiri mpya. Ya tatu ni hesabu ya fedha zako: mshahara wa siku ulizofanya kazi, likizo uliyoistahili, na malipo ya notisi kama hukupewa notisi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi haipungui siku 28. Ikiwa umefanya kazi mfululizo kwa mwaka mmoja au zaidi, na hukuondolewa kihalali kwa sababu ya mwenendo mbaya, una kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, mpaka miaka 10. Ikiwa uliajiriwa mahali pengine ukaletwa pale kwa kazi, kuna pia gharama za kukurudisha ulikotolewa.

Pitia pia ofisi ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ukiwa na barua yako na kitambulisho. Lipo fao la kukosa ajira: mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake, anaweza kulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi sita, akitimiza masharti ya mfuko. Theluthi ya mshahara haitoshi kulea familia, lakini inatosha nauli ya kwenda kwenye usaili na unga wa siku kadhaa, na mtu asiye na njaa hujibu maswali vizuri zaidi.

Shati lililorudi safi

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa stoo ya vifaa vya ujenzi. Mtu wa stoo ya saruji hawezi kuficha kazi yake. Vumbi linaingia kwenye kola, kwenye mikono ya shati, kwenye kope. Nilipofukuzwa sikumwambia mke wangu. Kila asubuhi nilivaa, nikaaga, nikaenda kukaa kwenye bustani ya Mnazi Mmoja mpaka jua litue. Nilifanya hivyo siku 11.

Siku ya kumi na moja alikuwa anafua uani. Akalinyanyua shati langu, akaligeuza kola, akasema bila kunitazama: "Mume wangu, siku hizi shati lako linarudi safi."

Sikuwa na la kujibu. Nikavuta kigoda, nikakaa, nikamweleza. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu tumebakiwa na kiasi gani, na kodi inaisha lini. Kisha akasema jambo ambalo nilipaswa kulijua siku ya kwanza: mwenye nyumba wetu alikuwa amesafiri juzi yake na angerudi baada ya mwezi. Kama ningesema mapema tungemwomba tulipe kwa miezi mitatu badala ya sita. Zamu ya mke wangu ya kupokea fedha za mchezo wa upatu ilikuwa imepita wiki ileile, naye fedha hizo alikuwa amezinunulia kabati. Siku zangu 11 za kulinda heshima zilikuwa zimetufungia milango miwili.

Wanaume wengi wa miji yetu wanaishi hivi sasa hivi ninavyoandika. Wameaga, wamekaa mahali wakisubiri magharibi. Ndugu yangu, kama ni wewe, sema leo. Nyumba isiyojua haiwezi kubana matumizi, haiwezi kukuulizia kazi kwa majirani, wala haiwezi kukuombea kwa jambo lenyewe. Na watoto waambiwe kwa kadiri ya umri wao, maana wao huona tofauti ya mboga kabla ya kusikia habari.

Barua tatu

Siku niliyopigiwa simu na yule mama wa Barabara ya Nyerere, nilisubiri watoto walale, nikatandika mkeka barazani, nikatoa bahasha ya nyaraka. Nilikuwa na barua tatu za kufukuzwa. Nilizipanga moja pembeni ya nyingine kwa mara ya kwanza. Kila moja nilipokuwa nikiisoma peke yake nilikuwa na utetezi wake: ile ni ya fitina, ile ni ya bosi mkali, ile ni ya foleni ya magari. Zikiwa pamoja hazikuniachia nafasi hiyo.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni kweli, lakini mhunzi mwenye akili huangalia kwanza koleo limevunjikia wapi kabla ya kufua jingine.

Barua ya kwanza ilisema uzembe na taarifa isiyo sahihi. Kilichotokea ni hiki. Jumanne moja nilihesabu saruji nikakuta pungufu ya mifuko 14. Sikuiba hata mmoja. Lakini niliogopa kuulizwa, nikaandika kwenye leja idadi kamili, nikijiambia kwamba nitaichunguza mwenyewe kimyakimya. Baada ya wiki tatu pungufu ilifika mifuko 60, wakaja wakaguzi, na leja ilikuwa na mwandiko wangu.

Barua ya pili ilisema lugha ya matusi na kukaidi agizo halali. Huko tulikuwa tukibaki kupakua malori mpaka saa nne usiku bila malipo ya saa za ziada. Sheria ilikuwa upande wangu. Inataka saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Nilinyamaza miezi saba. Mwezi wa nane meneja aliponiambia nibaki tena, nilimtolea maneno yasiyoandikika mbele ya madereva na wateja, nikatupa funguo za stoo mezani. Madai yangu yalikuwa ya haki. Njia niliyoyapitishia ndiyo iliyompa barua ya kuniandikia.

Barua ya tatu ilisema kuchelewa kazini mara tisa ndani ya miezi miwili. Tulikuwa tumehamia Chanika ili kupunguza kodi, na kazi ilikuwa Mikocheni, kuanzia saa moja na nusu asubuhi. Nilikuwa naamka saa tisa usiku na bado nachelewa. Sikumweleza mtu. Siku nakusanya vitu vyangu, mwenzangu wa kaunta aliniambia: "Si ungesema? Zamu ya saa nne wanatafuta mtu tangu Januari."

Nilikaa pale mkekani mpaka taa ya jirani ikazimwa. Saruji, saa za ziada, kuchelewa. Vitu vitatu visivyofanana, na chini yake kosa moja. Nilikuwa naona tatizo likiwa dogo, nanyamaza, mpaka linakuwa kubwa kuliko mimi. Na kwenye usaili, mama yule aliponiuliza, nilikuwa nimefanya kitu kilekile kwa mara ya nne.

Nakusihi nawe ufanye zoezi hili. Tafuta barua zako, au kama hukupewa barua, andika kwa mkono wako ukurasa mmoja kwa kila kazi: siku ya mwisho ilikuwaje, na mwezi mmoja kabla yake ulikuwaje. Siku ya mwisho huwa na kelele nyingi na mafunzo machache. Chimbuko liko kwenye ule mwezi wa kabla. Halafu mpe mtu mmoja unayemwamini asome, mtu asiyeogopa kukukera.

Huenda utakachokiona si kosa lako. Nimekutana na dada aliyeondolewa baada ya kumwambia msimamizi wake kwamba ni mjamzito, na sheria yetu inakataza kumwachisha mwanamke kwa sababu hiyo. Wapo waliokataa kusaini hesabu za uongo, na wapo waliokataa kutongozwa. Mtu wa namna hii akitafuta kosa lake atajidhulumu mara ya pili. Wengine watagundua kwamba tabia yao haina shida, ila wamekuwa wakiomba kazi zisizowafaa, mtu mkimya kwenye mauzo, mtu mchangamfu kwenye chumba cha mafaili. Ukweli wowote utakaoukuta, uandike kwa sentensi moja. Sentensi hiyo ndiyo utakayoibeba kwenda kwenye usaili.

Jibu la sentensi tatu

Kwanza niseme mahali pasipohitaji maungamo. Wasifu ni orodha ya kazi ulizofanya, wapi, tangu lini mpaka lini, na ulitimiza nini. Haudai uandike kwamba ulifukuzwa. Barua ya maombi nayo haidai. Vyote viwili vinadai kimoja tu: kilichomo kiwe kweli. Usirefushe tarehe ili kuziba pengo, usibadilishe cheo, usiongeze cheti. Tanzania tulipata somo lake tarehe 28 Aprili 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais John Magufuli alipokabidhiwa ripoti iliyobaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Miongoni mwa walioondolewa walikuwamo watu waliofanya kazi miaka mingi, na baadhi yao waliifanya vizuri. Uongo wa siku ya kuomba kazi hauchakai. Unamsubiri mtu hata akiwa amebakiza kidogo kustaafu.

Fomu ikikuuliza waziwazi kama umewahi kuachishwa kazi, jibu ndiyo, na uandike kwamba utaeleza kwenye usaili. Na ukiulizwa ana kwa ana, sentensi tatu zinatosha.

Ya kwanza inataja kilichotokea kwa jina lake. Ya pili inataja sehemu yako, ikiwa unayo. Ya tatu inataja ulichobadilisha na nani anaweza kukithibitisha. Mimi nilikuja kusema hivi: "Niliachishwa kazi tatu, na barua zake ninazo hapa. Kila mara niliona tatizo mapema nikakaa kimya mpaka likaharibu kazi. Sasa naandika kila upungufu siku ileile kwenye daftari, na msimamizi wa bohari ninapofanya kibarua anaweza kuwaeleza."

Ukishamaliza, nyamaza. Mazoea yetu ni kujaza kimya kwa maelezo, na maelezo yakizidi yanageuka malalamiko. Usimseme vibaya mwajiri wa zamani hata kama anastahili. Anayekusikiliza anajiona mwenyewe kwenye nafasi yake. Kama uliachishwa isivyo haki, sema hivyo kwa utulivu, na kama Tume ilishaamua, taja uamuzi. Kisha fanya mazoezi ya sentensi hizo kwa sauti, mbele ya mtu. Mimi nilizisema mbele ya mke wangu akiwa anachambua mchele, na mara tatu alinikatiza: "Hapo umeanza kujitetea. Rudia."

Watu walioiona kazi yako

Wanaotafuta kazi husema bila koneksheni hupati kitu. Ndani ya lalamiko hilo kuna ukweli wa kuutumia. Anayekabidhi mtu funguo za stoo, droo ya fedha au usukani wa gari anakabidhi mali yake, na anataka kusikia kutoka kwa mtu aliyekwisha kumwona akiishika mali ya mwingine. Huyo ni shahidi, na kila aliyewahi kufanya kazi anao mashahidi, hata aliyefukuzwa.

Niliandika majina ya watu 10. Mabosi zangu watatu hawakuwamo. Walikuwamo dereva wa lori aliyekuwa akiniletea mzigo, mhasibu aliyekuwa akipokea hesabu zangu, fundi aliyekuwa mteja wa kila wiki, na mlinzi wa getini aliyeniona nikiingia na kutoka. Nilimfuata kila mmoja na swali moja: "Mtu akikuuliza kuhusu kazi yangu, utamwambia nini?" Wawili walisema hawatanisemea, na mmoja wao alinieleza sababu. Iliniuma, lakini nilipendelea kuisikia kutoka kwake chini ya mwembe kuliko mwajiri aisikie kwenye simu. Waliobaki wanane walijua sasa kwamba natafuta kazi, na kila mmoja alikuwa na watu wake.

Milango rasmi nayo igonge. Huduma za ajira za serikali huwaunganisha watafuta kazi na waajiri, na nafasi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwenye mfumo wake wa intaneti. Ukiona mtu anakuomba fedha ili akuingize kazini, ondoka hapo. Mwenye njaa ya kazi ndiye chambo rahisi kwa matapeli.

Na usidharau kibarua. Dereva yule wa lori ndiye aliyeniambia kwamba bohari moja ya Vingunguti inachukua watu wa kupakua mizigo kwa malipo ya siku. Nilikuwa nimeshazoea kuitwa mtunza stoo, na kubeba magunia kulinitia aibu wiki ya kwanza. Lakini nilinunua daftari la kurasa 96. Kila jioni niliandika tulichopakua, kilichochanika, kilicholowa na kilichopungua, na kabla ya kuondoka nilimpa msimamizi asome. Mwanzoni alinishangaa. Mwezi wa pili akaanza kulitumia daftari langu kuwabana wasafirishaji. Hakuna aliyeniagiza kuliandika. Nilikuwa nafanya mazoezi ya kusema mapema, nikilipwa kwa siku.

Kiti kilekile

Usaili uliofuata ulikuwa bohari nyingine, miezi mitano baada ya ule wa kwanza. Walikuwa wawili tu mezani. Swali lilikuja mapema safari hii, hata chai haijapoa. Nikasema sentensi zangu tatu, nikaweka bahasha ya barua mezani, nikanyamaza. Kimya kile kilikuwa kirefu. Mwanamume aliyekuwa ananisaili hakuigusa bahasha. Aliniuliza: "Hilo daftari unalo?"

Nilikuwa nalo mfukoni mwa begi, limejaa vumbi na alama za vidole. Alilisoma ukurasa baada ya ukurasa. Akampigia simu msimamizi wa Vingunguti mbele yangu. Nilipewa kipindi cha majaribio cha miezi mitatu, kwa mshahara mdogo kuliko niliokuwa nikipata kazi ya tatu, nami nikaupokea kwa mikono miwili.

Wiki ya kwanza nilihesabu rangi nikakuta pungufu ya makopo matatu. Nilisimama pale kwenye rafu na kalamu mkononi, na hofu ileile ya Jumanne ya saruji ikanirudia, kwamba wataniuliza, kwamba watasema huyu ndiye yule aliyefukuzwa mara tatu. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Nilikwenda ofisini kwa bosi, nikagonga, nikamwambia: "Mkuu, makopo matatu ya rangi nyeupe hayaonekani, na sijui yako wapi." Akainua kichwa, akaniambia yapo kwenye gari la maonyesho, dereva alisahau kuyaandikia hati. Mazungumzo yalichukua dakika moja.

Dakika hiyo ndiyo iliyokuwa imenigharimu kazi tatu.

Msomaji wangu, kesho unaweza kutuma maombi 20, na uyatume. Lakini usiku wa leo, kabla ya hayo, tandika mkeka, toa barua zako, uzisome zikiwa pamoja. Kisha mwamshe wa nyumbani kwako umweleze ulichokiona.